Mguu wa Kanga Chini ya Mchanga

Kwa miaka thelathini na mmoja alipiga picha za mifupa ya watu hospitalini, hadi mtaa mzima ukasahau jina lake na kumwita Mama Eksirei. Tangu astaafu alikuwa akiishiwa la kufanya kabla ya saa nne asubuhi. Basi binti wa kaka yake, mhadhiri wa chuo, alipompigia simu, hakujivunga.

"Shangazi, tuna mashine mbili za eksirei za kizamani. Njoo utusaidie kumpiga picha kanga."

"Kavunjika wapi?"

"Mzima kabisa. Tunataka kuona alama ya mguu inavyojitengeneza mchangani."

Maabara ilikuwa chumba chembamba chenye sanduku refu la mbao, limejazwa chembe nyepesi za plastiki, maana mchanga wenyewe ungezuia miale. Mama Eksirei alivaa koti zito la risasi la kukinga miale, likamkaa mabegani kama zamani, akajikuta anatabasamu peke yake.

Kanga akagoma kutembea. Wakamrushia mahindi, wakampigia makofi, wapi! Ndipo Mama Eksirei akakumbuka jinsi marehemu baba yake alivyowaita kanga wake. Akachomoa kijiko kwenye kikombe cha chai, akagonga kopo la mahindi. Kanga akanyoosha shingo, akaanza kutembea.

"Usipumue!" Mama Eksirei akaamrisha, kwa mazoea tu. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Kwenye skrini, mguu ulizama vidole vimetawanyika. Kule chini, pasipoonekana kwa macho, vidole vikajikusanya, vikateleza mbele na kuchomoka. Chembe zikaporomoka nyuma yake. Juu ikabaki alama nyembamba isiyofanana na mguu wowote.

Akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Kisha akatoka kwenye korido, akampigia kaka yake.

"Kaka, unakumbuka baba alituchutamisha kwenye tope nyuma ya banda, akatuambia kanga hufumba mguu kabla ya kuutoa?"

"Nakumbuka. Tukamuuliza kama aliingia ardhini akaona."

"Tulimcheka mpaka akanyamaza. Hakulitaja tena."

"Tulikuwa watoto, dada."

"Leo nimeuona, kaka. Kanga anaufumba kweli."

Kaka akacheka, kicheko kilekile cha baba yao, cha kuanzia tumboni, hadi kikamletea kikohozi. Mama Eksirei akaegemea ukuta, machozi yakimlengalenga, akamsubiri amalize.

"Nakuja," kaka akasema. "Mwambie binti yangu asimrudishe huyo kanga bandani."