Bila Kukatizwa

Ukimuuliza Mkia kwa nini aliamua kutoa albamu yake peke yake baada ya miaka kumi na sita ndani ya kundi, atakupa sababu tano, na nne kati ya hizo ni za kupoteza muda. Ya kweli ilikuwa moja tu: alichoka kukatizwa.

Kundi lao la rapu lilikuwa la watu watatu. Wa kwanza ni Kamanda, ambaye siku za kazi alikuwa fundi wa vioo vya madirisha. Wa pili ni Polepole, mwalimu wa hesabu, mtu wa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Wa tatu ndiye Mkia, fundi wa makochi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ubeti wake ulikuja mwisho wa kila wimbo. Jina lilimganda hadi karakanani, ambako watu wazima na heshima zao waliingia kuulizia kochi la watu watatu na kumwita fundi Mkia bila hata kutabasamu.

Sasa, ubeti wa Mkia ulikuwa na utaratibu wake. Angeshusha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na akifika katikati ya mstari wa nne, Kamanda angeingia na kuumalizia. Kisha Mkia angeendelea, mistari mingine mitatu na nusu, Kamanda huyo tena. Mashabiki walipenda sana. Ukumbini walikuwa wakiisubiri ile nusu ya mstari wa nne wakiwa wamenyoosha vidole juu. Mkia alitabasamu jukwaani, halafu akarudi nyumbani na kununa siku mbili.

"Hawezi kuniacha nimalize hata neno moja," angemwambia mkewe. "Mwandishi ni mimi, lakini anayeshangiliwa ni yeye."

Mkewe alikuwa muuguzi, mwanamke asiyependa kusikia ugonjwa uleule ukielezwa mara mia bila mtu kutafuta dawa. "Basi rekodi peke yako," akamwambia siku moja huku akifunga kamba za viatu vyake vya kazini. "Masikio yangu nayo yamechoka."

Mkia alichukua ruhusa hiyo akaenda nayo moja kwa moja hadi kwa Kamanda. Alimkuta ameinamia kioo, akasema aliyokwenda kusema. Kamanda akasema, "Sawa. Kila la heri." Tangu siku hiyo, miezi mitano, hawakusemeshana. Mkia alijiambia haimuumi, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Albamu aliipa jina la Bila Kukatizwa. Aliitangaza kwa jina hilo, akachapisha kadi za mwaliko kwa jina hilo, na Polepole akamwombea ukumbi wa shule kwa ajili ya uzinduzi, Jumamosi saa nane mchana. Ilibaki albamu yenyewe kuwa kama jina lake.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kuta zilibandikwa vipande vya sponji vilivyobaki kwenye makochi, na aliyevibandika kwa gundi ni Mkia mwenyewe. Aliyeendesha mitambo alikuwa dada mmoja mkimya, mwenye vipokea sauti vikubwa shingoni. Kwa wiki tatu alirekodi bila kutia neno. Jumatatu ya wiki ya uzinduzi akamwita Mkia mbele ya skrini.

"Kaka, haya mashimo ni ya nini?"

"Mashimo gani?"

Akamwonyesha. Sauti ya Mkia ilichorwa pale kama safu ya milima, na kila baada ya hatua ileile milima ilikatika, pakawa tambarare, kisha ikaanza tena. Dada akacheza wimbo wa kwanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nusu ya wa nne, kimya. Akacheza wa pili. Vilevile.

"Nimehesabu sabini na mbili," akasema. "Nilidhani ni madoido, kwamba utaweka sauti nyingine juu yake. Lakini kwenye daftari lako maneno yapo. Ni wewe hukuyasema."

Mkia alilichukua daftari. Maneno yalikuwepo, kwa mwandiko wake, mistari mizima hadi nukta.

"Hapa nani kakukatiza?" dada akauliza, na hakuwa anamdhihaki. Alitaka kujua tu.

Walirudia. Mkia alisimama, akakaa, akavua viatu, akafumba macho. Akifika nusu ya mstari wa nne, mdomo ulijifunga wenyewe. Mara moja alijilazimisha, na maneno yakatoka yamesinyaa, kama ya mtu anayesoma risiti. Alirudi nyumbani akiwa na aibu isiyoelezeka. Mtu umekwenda kuudhihirishia ulimwengu kwamba unazibwa mdomo, kumbe mkono ulioziba ni wako.

Mkewe alimkalisha kitandani, akamtaka asome gazeti kwa sauti, ukurasa mzima bila kupumzika. Akaweka sikio mgongoni kwake.

"Mapafu hayana neno," akasema. "Nenda kamuulize Kamanda."

"Nimuulize nini?"

"Muulize alianza lini kukukatiza, na kwa nini."

Mkia aliona afadhali ameze ile misumari midogo anayoishikilia mdomoni akiwa anapigilia kitambaa. Lakini kadi zilishasambazwa, na Jumamosi haikuwa na habari ya nani kanuniana na nani. Jumanne mchana akaenda.

Kamanda alikuwa kazini. Kioo kilikuwa kimelazwa juu ya meza yenye zulia kuukuu, rula juu yake, na kisu cha kukatia ndio kwanza kimeanza safari. Mkia alisimama mlangoni akisubiri, maana sheria ya kibanda kile aliijua: kisu kikishagusa kioo, Kamanda hajibu salamu ya mtu yeyote, hata angekuwa nani. Mkato ni mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukisita njiani, kioo hupasuka kinavyotaka chenyewe. Kisu kilipofika mwisho Kamanda akagonga kidogo kwa chini, kioo kikaachana vizuri, ndipo akainua macho.

"Karibu," akasema, kana kwamba waliachana jana.

Mkia hakuzunguka. Akamweleza habari ya mashimo sabini na mbili, akauliza alichotumwa kuuliza.

Kamanda alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wewe hukumbuki onyesho letu la kwanza?"

"Nakumbuka ulinipora ubeti."

"Ulikuwa huna pumzi, ndugu yangu. Mstari wa nne, katikati, midomo imekuwa ya kijivu. Pampu yako ya pumu uliiacha nyumbani makusudi, kwa sababu mama yako alikuzuia mlangoni akauliza hali ya kifua, ukamwambia kimepona jana. Mimi nilikuwa nyuma yako, nilisikia. Nilikuwa najua maneno yako, nikayasema ili uvute pumzi. Watu wakashangilia, wakadhani ni mtindo. Wiki iliyofuata nikasikiliza kifua chako, nikaona bado, nikaingia tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ulishaapa umepona. Ningeanza kukubishia kifua chako mbele za watu?"

Mkia alikaa juu ya kreti tupu. Pumu ile aliificha kwa bidii sana ujanani, hata mwenyewe akawa haihesabu. Kilichobaki kichwani mwake ni mkono wa Kamanda ukifuata kipaza sauti.

"Nimepona kweli," akasema. "Mwaka wa nane huu sijashika pampu."

Kamanda akamtazama. "Miaka minane?"

"Minane."

"Kwa hiyo miaka minane nimekuwa nakukatiza bure." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Na wewe ulikuwa unasubiri niingie, na mimi nilikuwa nasubiri upone. Haya. Nenda kamalizie mistari yako. Mimi nina madirisha ya watu."

Jumatano asubuhi Mkia hakufungua karakana. Alikaa kwenye kochi la mteja, ambalo halijavishwa kitambaa, akaandika upya ubeti wa mwisho wa wimbo wa kumi. Alhamisi akaingia studio. Dada wa mitambo alishangaa: mstari wa nne ulipita, wa nane ukapita, nyimbo tisa zikaisha saa kumi jioni, milima imeungana kutoka mwanzo hadi mwisho. Ule wa kumi ukabaki na shimo moja.

"Hili nalo tuzibe?"

"Liache," Mkia akasema. "Hapo pana mwenyewe."

Ijumaa mchana alirudi kwenye kibanda cha vioo akiwa na kadi ya mwaliko mfukoni na wimbo kwenye simu. Kamanda alikuwa ameshapima kioo kirefu cha mlango, na mwenye mlango anakuja kukichukua baada ya saa moja.

"Cheza tu," akasema, akishusha kisu. "Masikio yangu hayana kazi."

Mkia akaiweka simu juu ya kreti na kuupeleka wimbo mbele hadi ubeti wa mwisho, ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia isipokuwa yeye na dada wa mitambo. Kisu kilikuwa kinateleza kando ya rula, na sauti ya Mkia ikaanza:

*Kiatu cha kuazima, shati la kaka, kola pana,*
*jukwaa la mbao, spika mbovu, watu wamesongamana,*
*mama mlangoni kanishika kifua, "Vipi, mwana?"*
*nikamtazama machoni, nikasema...*

"Kimepona jana," Kamanda akasema.

Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kioo. Wote wawili wakakitazama. Ufa ukaanza pale ncha ilipoishia, ukakata kona taratibu, na kipande kikaanguka juu ya zulia.

"Umeniharibia kioo," Kamanda akasema. Mkia akanyoosha mkono azime simu, lakini Kamanda akamzuia. "Acha iendelee. Nataka kusikia unavyomaliza."