Kisanduku cha Chini Kulia

Veneranda amechora nyumba nyingi za Iringa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na hakuna hata moja yenye jina lake.

Anafanya kazi Mlandege, kwenye ofisi ya vyumba viwili ya Bwana Anord, msanifu majengo mwenye leseni na muhuri. Veneranda hana muhuri. Ana cheti cha ufundi wa kuchora ramani alichokipata miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo kazi imegawanyika hivi: yeye huenda kiwanjani, hupima, huchora, hubishana na mwenye nyumba anayetaka baraza kubwa kuliko sebule, kisha Bwana Anord husaini. Kila ramani ina kisanduku chini, upande wa kulia: jina la mradi, tarehe, skeli, na mwisho kabisa neno "Mbunifu". Hapo Veneranda huacha wazi. Bwana Anord hujaza kwa kalamu yake ya bluu, hugonga muhuri, kazi imekwisha. Ndiyo sheria, na mtu asimlaumu Bwana Anord. Chai ya ofisi nzima hununua yeye.

Mwaka jana Veneranda aliona tangazo kwenye simu. Taasisi moja ya sanaa ilikuwa inatafuta mchoro wa kazi itakayosimikwa kwa miezi mitatu ndani ya ghala la zamani la wakulima wa mpunga kule Rujewa. Si picha ya kutundika ukutani, bali kitu ambacho mtu anaingia ndani yake na kutembea. Wenyewe wanaita instolesheni. Kulikuwa na mstari mmoja aliousoma mara tatu. Kwa kuwa hili si jengo, muhuri hauhitajiki, mbunifu aandike jina lake tu.

Alilitaka jina hilo. Tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe alikuwa akizungukazunguka, eti anajaribu tu. Alitaka mara moja, kabla hajazeeka, kitu alichokibuni kisimame na watu waambiwe ni chake.

Akaanza kama wengi wanavyoanza, kwa kuiga. Alitazama kazi za wasanii wa siku hizi: huyu kaunganisha vizibo vya chupa hadi vikawa pazia la kufunika ukuta, yule kajaza chumba kizima kwa nyuzi, mwingine kachukua vitu vilivyokwisha kazi akavipandisha darini watu wakaenda kuvishangaa. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa pazia kubwa la magunia lililoning'inia katikati ya ghala. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa pia wa mtu mwingine, na Veneranda aliujua ubaya huo kabla hajamaliza kuupaka rangi.

Jumamosi akaenda Rujewa kulipima ghala lenyewe. Ubavuni mwake kuna mashine ya kukoboa mpunga, na mlangoni alimkuta Tumpe, mama wa Kinyakyusa aliyeolewa huko. Kazi yake ni kupokea magunia na kuyashona midomo kwa shazia, ile sindano ndefu.

"Kamwene, dada. Umeleta mpunga?"

"Kamwene, mama. Hapana, nimekuja kupima hilo ghala."

"Basi pitia huku. Usinikanyagie majina."

Magunia yalikuwa yamelala chini, kila moja limeandikwa kwa makapeni, ile kalamu ya wino mnene, jina la mwenyewe, herufi kubwa toka ubavu hadi ubavu, na wengine wameongeza namba ya jaruba. Gunia lisilo na jina Tumpe halipokei. Likichanganyika na mengine, mwenyewe halioni tena, na kelele zote zinamwangukia yeye. Wakati wa kupanga, jina lazima litazame njia, ili mwenye mali apite anasoma.

Veneranda akaomba benchi, akachora upya palepale. Pazia likafa. Mahali pake pakaja ujia mrefu, kama ule wa ghala lililojaa, wenye kuta mbili za magunia matupu yaliyoshonwa safu juu ya safu na kuning'inizwa kwenye mbao za paa. Majina yote yatazame njia. Juu, mabati machache yatolewe, yawekwe ya plastiki yanayopitisha mwanga, ili sandarusi, ile plastiki iliyofumwa magunia, ing'ae. Mtu ataingia, atatembea, atatafuta la kwake.

Upana wa ujia alimuuliza Tumpe.

"Aliyebeba gunia begani apite bila kugusa," Tumpe alisema. "Na usiyapandishe sana. Huko juu atasoma nani?"

Zikawa safu saba, ujia wa mita moja na robo. Kwa wiki mbili alichora karatasi sita, akazituma kwa barua pepe ya ofisi kwa sababu ya kwake ilikuwa imejaa. Mwezi uliofuata majibu yakaja kwamba mchoro umeshinda. Barua iliipongeza ofisi ya Bwana Anord, mbunifu.

Veneranda akafungua mafaili yake. Karatasi sita, visanduku sita, na mbele ya neno "Mbunifu" peupe kabisa. Hakuna aliyemwibia. Mkono ulikuwa umefanya ulichozoea kwa miaka kumi na tisa, naye hakuuona ukifanya. Pale taasisini waliona pengo, wakatazama barua pepe imetoka wapi, wakajaza.

Alipiga simu. Akajibiwa kwa upole kwamba ubao na vipeperushi vimeshachapwa. Bwana Anord naye alishangaa, akapiga mwenyewe, akajibiwa vilevile, akanunua chai. Veneranda aliumia sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Hata hivyo alikwenda kusimamia. Magunia mia tisa yaliletwa na wakulima wa Rujewa na Madibira, na akina mama wa mashineni wakayashona kwa siku nne. Siku ya mwisho ikabaki nafasi moja, safu ya tano kutoka juu. Tumpe akaleta gunia jipya, jeupe.

"Halina jina," Veneranda alisema.

"Ndiyo maana nimekuletea wewe. Hivi hivi silitundiki."

"Mimi sina shamba, mama."

"Nimekuuliza shamba?"

Veneranda akapokea makapeni, akapiga magoti. Alichora kisanduku kidogo, chini kulia. Akaandika mradi, tarehe, skeli. Mbele ya "Mbunifu" mkono ukasimama, kisha ukaandika majina yake yote matatu kwa herufi nyembamba zilizonyooka, zile za kwenye ramani.

Tumpe aliinama akatazama kwa muda.

"Hapo atakusoma nani? Mtu anapita." Akaligeuza gunia upande wa pili. "Andika kama watu."

Veneranda akaandika tena, toka ubavu hadi ubavu, hadi makapeni ikaanza kukauka kwenye herufi ya mwisho ikabidi airudie. Tumpe akatunga uzi kwenye shazia.

Ubao wa mlangoni ulibaki na jina la Bwana Anord kwa miezi yote mitatu. Gunia lilishonwa safu ya tano, usawa wa macho, jina likitazama njia.