Viuno vya Watu na Matokeo ya Binti

Fundi cherehani huyu mtaani walimwita Mzee Pini, na jina lilimkaa vizuri kuliko koti lolote alilopata kujishonea. Tangu anafungua duka mpaka anafunga, pini zilikuwa midomoni mwake. Mteja akiuliza nguo yake itakuwa tayari lini, alijibiwa kwa mguno, na kila mteja aliuelewa mguno ule kwa namna iliyompendeza mwenyewe. Ndiyo maana siku za Jumamosi dukani hapakukosa kelele.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza rangi. Ndani palikuwa na cherehani moja nzima na nyingine ya kutolewa vipuri, meza ya kukatia iliyojaa chaki, pasi nzito, pazia la kujaribia nguo nyuma yake, na kioo kirefu. Kitu ambacho hakikuwepo ni daftari la vipimo. Mzee Pini alipima, akaguna, akaweka kichwani. Alisema maandishi yana tabia ya kusomwa na wasiohusika. Kwa hiyo alijua peke yake nani ameongezeka nyonga tangu mwaka uliopita, nani mabega yake ni sponji tupu, na ni mheshimiwa gani aliyeomba suruali ilegezwe mshono kwa nyuma halafu akaaga haraka.

Siri hizo zilikwenda naye kulala na kuamka naye. Siku moja alikuja mume wa mteja wake mmoja, mwanamke waliyemwita Mama Mapacha, karani wa chuo kikuu kilichokuwa upande wa pili wa mji. Bwana yule alitaka kumshonea mkewe gauni bila mkewe kujua, akaomba apewe kipimo cha kiuno tu. Mzee Pini akatema pini zote kiganjani, jambo alilolifanya kwa nadra, akamwambia, "Shemeji, kiuno kina mwenyewe. Kamuulize yeye." Mume akaondoka amenuna, na mtaa mzima ukakubali kwamba kifua cha fundi huyu ni kabati lenye kufuli.

Sasa basi, mtu huyu huyu, likija suala la binti yake, mdomo wake ulikuwa mpana kuliko redio ya kinyozi. Alimlea peke yake tangu mkewe alipofariki, na alimpenda mpaka akawa anachosha watu. Binti alipofaulu mtihani wa sekondari, fundi aliitia karatasi ya matokeo kwenye fremu akaitundika pembeni mwa kioo kirefu, usawa wa macho, ili mteja anayepimwa kifua asiwe na pengine pa kutazama. Watu wakaisoma yote, masomo aliyoyamudu pamoja na ile hesabu iliyomtoa jasho. Binti akawa hawezi kununua nyanya bila muuza nyanya kumuuliza kwa upole hesabu ilikuwa na tatizo gani. Alimwomba baba yake aishushe karatasi. Baba akacheka, akamwambia asitishwe na wivu wa watu, akachukua kitambaa akaifuta vumbi. Akaombwa tena, akacheka tena. Baadaye binti akaacha kuomba, na fundi akajua ameshakubali.

Alipoingia chuo kikuu kusomea sheria, hata hajalijua vizuri jengo la maktaba, mtaa tayari ulikuwa ukimwita Wakili. Kila muhula ulipoisha, baba alipiga simu kuuliza matokeo, na jibu likawa lile lile: nzuri tu. Akiuliza nzuri kiasi gani, anaambiwa nzuri za kutosha. Halafu binti akaanza kukosa kuja nyumbani likizo. Kinyozi naye, kwa kupitisha muda tu, akasimulia habari ya kijana wa jamaa yake aliyefukuzwa chuo akaendelea kukaa mjini, anabeba begi la vitabu kila asubuhi kwenda kushinda kwenye bustani.

Kinyozi aliisahau hadithi yake kabla hajamaliza kumnyoa mteja. Mzee Pini hakuisahau. Alianza kukosea kazi. Alishona suruali ya mtu, mfuko mmoja akauziba kabisa. Mbele za watu alijifanya anaogopa aibu, lakini usiku hakudanganyika. Alichoogopa ni kwamba mtoto wake yuko kwenye shida mahali fulani, peke yake, na yeye baba ndiye atakuwa mtu wa mwisho kujua.

Akakata shauri kwenda kuchungulia. Alivaa suti aliyokuwa ameishona mapema kwa ajili ya mahafali ya binti, akapanga foleni mbele ya dirisha la ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi, nyuma ya vijana waliovaa suruali zilizochanika magotini. Alizitazama suruali zile kwa huruma ya kikazi. Alipofika dirishani, moyo ukamtulia, kwani aliyekaa ndani alikuwa Mama Mapacha. Sketi aliyovaa aliishona yeye, na alijua ilivyopanuliwa.

Alianza kwa kuuliza habari za mapacha, akapitia hali ya hewa, kisha akaeleza haja yake: aangaliziwe tu binti yake anaendeleaje, hata kwa kutikisiwa kichwa. Mama Mapacha akamwambia haiwezekani. Matokeo ni ya mwanafunzi, naye ni mtu mzima. Mpaka yeye mwenyewe atoe ruhusa kwa maandishi, hapewi mzazi wala mchumba. Fundi akasema yeye si mchumba, ni baba, na ada anailipa yeye. Akajibiwa kwamba stakabadhi za ada atapewa zote akizitaka.

Hapo Mzee Pini akainamia dirisha, akashusha sauti. Alimkumbusha kwamba wao wawili wametunziana mengi. Alitupa jicho kwenye sketi, kidogo tu, ili aeleweke. Na kwa kweli kabati la majalada ya wanafunzi lilikuwa nyuma ya kiti cha yule mama, angeweza kulifungua bila hata kusimama.

Mama Mapacha hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayetazama mtoto mwerevu akikosea jambo rahisi.

"Fundi, mume wangu alikuja kwako kuuliza kiuno changu. Ulimwambiaje?"

 Mzee Pini alijibu kwamba ile ilikuwa habari nyingine, kiuno ni kiuno. Mama Mapacha akasema siku mumewe aliporudi nyumbani amenuna, yeye alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hajapeleka kitambaa kwa fundi mwingine.

"Na ya binti yako kamuulize yeye," akamaliza. "Halafu nikwambie mapema: nitamjulisha kwamba umekuja. Mtu akiulizia taarifa za mwanafunzi, mwanafunzi anaambiwa. Ndiyo utaratibu."

Hili fundi hakulitegemea hata kidogo. Alibadilika rangi, akaanza kumbembeleza kwamba safari ile ibaki kati yao wawili, kwamba hakuna sababu ya kumsumbua mtoto na masomo, kwamba hata yeye alikuwa anapita tu.

"Ya kwake siwezi kuyatoa, ya kwako unataka niyafiche," alisema Mama Mapacha. "Wapishe hawa vijana, mzee wangu."

Akarudi nyumbani na suti yake. Siku zilizofuata alikaa roho juu, kila kivuli mlangoni akidhani ni binti. Alitunga maelezo mbalimbali akayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Yote yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

Binti alikuja asubuhi ya Jumamosi, duka limejaa. Alimwamkia baba yake kwa heshima, akasalimia wateja, akakaa kwenye kigoda akasubiri mpaka wa mwisho alipotoka. Kisha akaurudisha mlango.

"Baba, ulikwenda chuoni kuniulizia."

"Nilikuwa napita tu, mwanangu."

"Na suti?"

Fundi akatafuta pini za kutia mdomoni, akazikosa. Akajitetea kwamba ameuliza sana kwa simu, na kila akiuliza anaambiwa nzuri tu. Baba atajuaje? Afanye nini, apige ramli?

 Binti alisimama, akaenda pembeni mwa kioo, akaigusa ile fremu kwa kidole.

"Nikikwambia wewe, nimemwambia kinyozi. Kiuno cha mke wa mtu umekificha mpaka mumewe akanuna. Vipimo vyangu mimi umevitundika ukutani, kila mtu anavisoma, na nilikuomba uvishushe. Nilikuomba nikachoka."

Sauti yake ilikatika mwishoni, na hapo ndipo Mzee Pini alipoona kwamba miaka yote ile binti hakuwa amekubali. Aliumia. Aliumia kama mtu aliyejichoma sindano ya mkono wake mwenyewe, tena akiwa anajisifu kwa ustadi. Hakujitetea tena. Alivuta kiti, akapanda, akaishusha fremu, akampa mwenyewe mkononi. Ukutani palibaki umbo la pembe nne la rangi mpya ambayo jua lilikuwa halijaifikia.

Kisha, kwa mara ya kwanza, akauliza swali bila kutaka idadi wala alama. "Mwanangu, mambo yako yakoje?"

Binti akamweleza. Alieleza kirefu, mpaka pasi ikapoa juu ya meza. Aliyoyasema ni yake, na hapa hayatatolewa. Anayetaka sana akapange foleni kwa Mama Mapacha aone. Itoshe kujua kwamba hakufukuzwa, wala hakuwa akishinda bustanini, na kwamba kulikuwa na muhula mmoja mbaya aliolia peke yake ilhali alikuwa na baba. Kwa hilo la mwisho fundi naye alilia, kidogo, akisingizia vumbi la chaki.

Binti alipoondoka na fremu yake kwapani, haikupita dakika kinyozi akachungulia, kitana bado mkononi. Alitaka kujua Wakili kasemaje, anaendeleaje, na karatasi imekwenda wapi. Mzee Pini alikuwa na maneno ya kutosha kujaza duka. Alichota pini kutoka kwenye kopo, akazipanga midomoni moja moja, akainamia kitambaa chake, akaguna.

Kinyozi akaondoka ameridhika kabisa kwamba binti anaongoza darasa. Baadaye akaja muuza rangi, akauliza yale yale, akaguniwa vile vile. Yeye akatikisa kichwa kwa masikitiko, akampigapiga fundi begani akimpa pole kwamba mtoto kafeli, na ndiyo maisha.

Mguno ule wa pili ulimchoma vibaya sana, kwani jibu alikuwa nalo, tena lilikuwa limemfika kwenye ncha ya ulimi. Akaziuma pini, akaendelea kushona.