Zeze la Mkonge Darasani

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mgeni haachwi akae kimya. Akishavuka kizingiti tu anaulizwa habari za safari, za nyumbani, za watoto, za afya, mpaka chai ije. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotaka kunipokonya darasa langu kule Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi wa udhamini chuo kikuu, na kila Jumamosi asubuhi nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi jirani na soko la vitambaa la Zhongda.

Watoto walikuwa wa miaka tisa, kumi hivi. Kuitikia kwa pamoja walikuwa hodari, lakini ukimwuliza mmoja peke yake anaangalia viatu vyake. Nikaanza kuwaletea muziki, kidogo kidogo, na ndimi zikaanza kulegea. Mkuu wa shule, mama mwembamba asiyecheka ovyo, hakupendezwa. Aliniambia waziwazi kwamba atakuja kusikiliza kabla mwezi haujaisha, na akikuta ni kelele tu, saa yangu ya Jumamosi itarudishwa kwenye somo la hesabu. Saa ile nilikuwa naipenda kuliko masomo yangu yote ya chuo. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Kitabu chetu kilikuwa na somo juu ya wenyeji wa asili wa Amerika, na picha ya mtu aliyevaa taji la manyoya ya ndege. Nami, kwa elimu yangu ya sinema za utotoni, nikawafundisha watoto kupiga ukelele huku wanajigonga mdomo kwa kiganja. Walifurahi hao! Jioni nikamsimulia jirani yangu wa bweni la wageni, mzee mmoja Mwapache, yaani wa wenyeji hao hao wa asili, kutoka Arizona, aliyekuja kufundisha chuoni kwetu mwaka ule. Nilidhani nampa habari njema. Aliendelea kukatakata vitunguu vyake, kisha akasema babu zake hawakuvaa taji kama lile, na ukelele ule hata yeye ameusikia kwenye sinema tu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba aje awaonyeshe watoto yeye mwenyewe. Alinyamaza mpaka nikajua amekataa, ndipo akasema atakuja.

Jumamosi iliyofuata nilianza kwa kuwaambia watoto kwamba nimewafundisha uongo. Mzee akaingia na mfuko begani, akatoa zeze na upinde wake wa kulipigia. Lilikuwa na uzi mmoja wa nywele za mkia wa farasi, na mwili wake ulikuwa kipande cha mlingoti wa mmea, kimetobolewa ndani na kupakwa rangi. Nilipolishika nikashtuka kwa wepesi wake. Mkonge! Si mkonge wetu hasa, ila ni ndugu yake, na mlingoti ni ule ule unaochomoza mmea ukizeeka, ambao baba yangu alijengea banda la kuku.

Basi nani angeninyamazisha? Nikamweleza mzee habari za mashamba ya mkonge ya Tanga, nikawageukia watoto nikawaeleza na wao. Nikamwuliza ameamkaje, na wanawe huko Arizona hawajambo. Yeye amekaa kitini, zeze mapajani, anawatazama watoto tu. Nikaona labda hakusikia, nikauliza tena. Nikaona labda anaona haya, nikamsaidia kwa kueleza habari za farasi. Nikaeleza na jangwa la kwao, ambalo sijawahi kuliona. Kengele ikalia. Akainuka, akawapungia watoto mkono, akaenda zake bila kupiga hata mara moja.

Nilipandwa na hasira, acha tu. Nilimkuta jikoni bwenini nikamwambia, "Mzee, watoto wamekungoja saa nzima. Kama hukutaka, si ungesema?"

Akaweka kisu chini. "Kwetu, watu wasiofahamiana hukaa pamoja kwanza. Hawaharakishi maneno. Wanaangaliana mpaka wazoeane." Akafuta mikono. "Nilikuwa tayari kuanza mara nne. Kila nikiinua upinde, wewe unaongea."

Kwanza nilihisi nimetukanwa. Kisha nikajiona nilivyokuwa pale mbele, naeleza jangwa, nikacheka mpaka nikashika meza. Naye mabega yakamtikisika. Akaniahidi kuja tena na kupiga wimbo wa kujiburudisha nyumbani. Nyimbo za sherehe, alisema, zina mahali pake na haziletwi darasani. Sikumwuliza zaidi, na kwangu hiyo ilikuwa kazi.

Siku aliyorudi ndiyo siku mkuu wa shule aliyoichagua. Alikaa nyuma kabisa, daftari mkononi. Watoto nilikwisha kuwaeleza kwamba mgeni ataanza kwa kimya, na kwamba safari iliyopita mkosaji nilikuwa mimi. Nikatia kipande cha tangawizi ya sukari mdomoni ili ulimi upate shughuli.

Mzee akakaa. Tukakaa. Nje mikokoteni ya majora ya vitambaa ilipita, mtu akagombana na mtu, wakamalizana. Mdomo ulikuwa unaniwasha. Mkuu akatazama saa, akakohoa, akatazama tena, kisha akasimama na kufungua kinywa. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akageuka, akaweka kidole midomoni.

Pale hakuna mtoto anayemnyamazisha mkuu wa shule. Nikajua saa yangu ya Jumamosi imekwenda. Mkuu akamtazama yule mtoto, akamtazama mzee, akakaa polepole.

Ndipo mzee akainua upinde. Sauti ilikuwa ndogo mno, kama mtu anayejiimbia huku anaosha vyombo, na kiti kimoja kingesogezwa tusingeisikia. Nilikumbuka nyumbani, machozi yakanitoka, sikujali nani ananiona.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Yule msichana akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza, peke yake: babu yake ana erhu, zeze la Kichina, nalo lina nyuzi mbili, mbona la mzee lina mmoja? Mzee akafikiri, akasema na kwao yapo ya nyuzi mbili, ila yeye huu mmoja bado unamshinda. Mwingine akanyoosha mkono. Kisha mwingine. Mmoja mmoja, na hakuna aliyetazama viatu.

Kengele ilipolia mkuu alikuja mbele, akasimama kando yangu huku watoto wakipanga foleni kuligusa zeze. Hakusema neno. Nilitaka kumwuliza, nilitaka kumweleza, nilitaka kumwombea msamaha yule mtoto. Nikafumba mdomo, nikasimama naye.

"Jumamosi ijayo," akasema mwishowe, "saa ile ile."

Nikaitikia kwa kichwa tu.