Thamani ya Maji ya Udhu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa riziki kabla hatujajua kuiomba, akatupa na wazazi kabla hatujajua kuwashukuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyewahurumia watoto na kuwaheshimu wazee.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa bado mama kijana pale Mlingotini. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, anapita Msata kwenda na kurudi, nyumbani tunamwona Ijumaa kwa Ijumaa. Mimi nilikuwa nikipika vitumbua alfajiri na kwenda kuwauzia wavuvi wanapopandisha samaki. Nyumbani alibaki mama yangu mzazi, miguu imemvimba hata kusimama kuchota maji hawezi, na binti yangu Zuhura, wa darasa la tatu, aliyekuwa likizo.

Nilitaka Zuhura aijue hela mapema. Nilikuwa nimekulia kwenye dhiki, nikaona heri mtoto ajue kwamba shilingi ina jasho. Basi kila kazi ya nyumbani nikaiwekea bei: kuosha vyombo sarafu moja, kufagia uwanja sarafu moja, kuchota maji mbili, kwa kuwa kisima kilikuwa kirefu. Mtoto alivyochangamka! Vyombo viling'aa, uwanja ukawa safi jua halijapanda. Majirani wakanisifu, nami nikajiona nimeshika ufunguo wa malezi. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, lakini nani huikumbuka methali wakati anachezeshwa?

Siku hiyo vitumbua viliisha mapema, nikafika nyumbani adhuhuri ikiadhiniwa. Nikamkuta mama ameketi chini uani, anapiga viganja kwenye mchanga na kujipangusa uso. Nilishtuka. Tayamamu, udhu wa mchanga, ni ya msafiri aliyekosa maji, au ya mgonjwa asiyeweza kuyagusa. Kisima chetu kilikuwa pale pale uani.

"Mama, mbona watayamamu na maji yapo?"

"Maji yapo, mwanangu. Mchotaji ana bei."

Nilidhani ananitania, maana alipenda mzaha. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto wa madrasa, "Kwani wewe hukusoma? Maji yakiwa ya kuuzwa, asiye na thamani yake hutayamamu. Mimi thamani yake sina."

Nikamwita Zuhura, aliyekuwa barazani akicheza mdako.

"Bibi alikutuma maji?"

"Alinituma."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mbili. Akasema atanipa dua." Akanitazama bila hofu yoyote, kwa kuwa hakujua kosa lake. "Mama, dua hainunui kashata."

Mama akacheka. Wallahi alicheka, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya kucheka au ya kulia. Nilipoinua mkono akanizuia. "Usimpige. Huyu amefuzu. Umempa somo, naye amelijibu."

Bei zote nikazifuta siku ile ile. Zuhura akachota maji, akamtawadhisha bibi yake, na kila siku baada ya hapo akawa hangoji kuambiwa. Nikadhani yamekwisha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama hakututuma tena. Akishikwa na kiu alingoja mtu apite mwenyewe, na akiletewa kikombe alishukuru mno, kama mgeni. Mama yangu aliyenizaa akawa mgeni kwangu, na sikujua namna ya kumrudisha.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Zuhura ndiye aliyekuwa akimnywesha uji. Kila akimeza kijiko, mkono wake ulipapasa pindo la kanga, pale tunapofunga hela, alifungue amlipe mjukuu wake. Hamkuwa na kitu. Zuhura akamshika mkono huku analia, "Bibi, sitaki. Nipe dua tu, Bibi." Mama alikuwa ameshapotewa na sauti. Midomo ilitikisika, hatukusikia alichosema. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Zuhura sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Nimemwambia mara nyingi kwamba kosa lilikuwa langu. Hunisikiliza, kisha akaenda kunichotea maji.

Mwanangu, sikuambii usimfundishe mtoto fedha. Asiyefundishwa na wazazi hufundishwa na ulimwengu. Nasikia siku hizi wengine wanawatumia watoto hela kwa simu kwa kutandika kitanda tu, nami huomba Mungu awasitiri. Mtoto akikukunia nazi za biashara, mpe fungu lake kabla jasho halijamkauka, hiyo ni haki yake. Lakini maji ya bibi, chakula cha mgonjwa, ufagio wa nyumba anayolala mwenyewe, usiviwekee bei. Hela ya matumizi mpe kwa kuwa ni mwanao, hata wiki aliyokuwa mvivu. Mwende pamoja dukani, ajue bei ya sukari, aweke akiba kidogo, atoe na sadaka kwa mkono wake. Na akikuletea maji, muombee dua kwa sauti, aisikie, aizoee, aionee tamaa. Usingoje.

Wewe unayesoma, Mola akujaalie watoto wenye kukuhudumia kwa mapenzi, akubakishie ulimi wa kuwaombea wangali karibu yako, na wazazi wako waliotangulia awape kivuli na maji baridi ya peponi. Amin.