Mama Mdogo Alipobisha Hodi

Mama alikufa Mutsamudu wakati kisiwa chetu cha Nzwani kimejitenga na visiwa wenzake, nami nilikuwa ng'ambo, Moroni, kwa shangazi, nasoma. Simu zilikatwa, meli zilizuiwa. Habari ililetwa na mchuuzi aliyevuka kwa kificho, na alipotufikia Mama alikwisha kuzikwa zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hasira hizo usiseme. Sikuamini. Shangazi akasomesha hitima, majirani wakajaa, mimi nikagoma kula wali wao. Niliona nikitia tonge moja tu kinywani, nimekubali. Wakanong'ona kwamba msichana wa Nzwani ana kichwa kigumu. Shauri yao!

Miezi ile niliishi nimelala macho wazi. Mwalimu anaeleza, mimi nimo kwenye vichochoro vya Mutsamudu, napapasa kuta za mawe zenye unyevu, napanda ngazi kwenda kwetu. Mama yuko ndani, mikono imejaa unga, ananiuliza mbona nimechelewa. Nilikuwa na furaha huko, furaha kabisa. Aliyenizindua nilimchukia siku nzima.

Njia ilipofunguliwa nikavuka. Mama mdogo, mdogo wake Mama, alinipokea bandarini, tukapanda vichochoro vile vile hadi kwetu. Mlangoni akanipa ufunguo. Kwetu nyumba ni ya mama, na akifa ni ya binti. Nilijua hivyo tangu utotoni, ila sikuwahi kulifikiria. Nikafungua, nikaingia. Ndani kulikuwa na kiza na ubaridi mtamu. Nikasimama nikisikiliza, nikingoja kuulizwa mbona nimechelewa.

Hakuna aliyenifuata. Kugeuka, Mama mdogo bado yuko nje. Yeye huyu aliyezoea kutuvamia moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua masufuria na kulalamikia chumvi, leo amesimama kizingitini, viatu mkononi.

"Hodi," akasema.

Nikamwambia aingie, aache mchezo. Hakusogea.

"Hodi, mwenye nyumba."

Nilikasirika nusura nimfungie mlango. Kukaribisha watu nyumba ile ilikuwa kazi ya Mama, na nikijibu, nimeichukua. Lakini jua lilikuwa likimchoma, machozi yanamtiririka, na niliona wazi hataingia mpaka nimjibu.

"Karibu, Mama mdogo," nikasema, na kwa mara ya kwanza nikamlilia mama yangu.