Makopa ya Wageni

Jaribio lilifaulu kupita tulivyotarajia, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kiwanda chetu cha maboksi kiko Visiga. Gundi ya kubandikia karatasi tuliipika kwa wanga unaoagizwa nje, na nilikabidhiwa mradi wa kuona kama wanga wa muhogo wa Kisarawe ungeweza kuchukua nafasi yake. Sikusomea kazi hiyo chuoni. Niliingia kiwandani nikiwa fundi wa mashine, nikajisomea kemia na usimamizi wa miradi, na katika kusoma huko nilijifunza kuogopa matokeo yasiyo na dosari.

Tulivuta maboksi ya majaribio mpaka karatasi ikachanika, gundi haikuachia. Mkurugenzi alifurahi. Alisema kikao cha Ijumaa kitapitisha ununuzi wa mtambo wa kutengeneza wanga, na mtambo ukishaagizwa haurudishwi. Alhamisi nikaenda Kibuta, huko Kisarawe, kwa kikundi cha wakulima waliotupatia makopa ya jaribio, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa, nijue kama wangeweza kutuuzia mengi.

Mwenyekiti wao, mama aliyenizidi umri, alinipokea barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umekonda? Huko kiwandani hamli?"

Nikamweleza jinsi gundi ilivyoshika. Akacheka.

"Isishike vipi? Tulichagua kipande kimoja kimoja. Tukaanika kwenye mikeka, wingu likitokea tunaingiza ndani."

"Na mnayopeleka sokoni?"

"Ya sokoni ni ya sokoni. Yanaanikwa chini, mengine yananyeshewa, mengine yana ukungu. Mtu anakuja na gari la kiwanda, nimpe hayo?"

"Lakini niliwaomba ya kawaida, mama."

"Ndivyo mnavyosema wageni. Hata chai mnasema tusijisumbue."

Tulikuwa karibu kununua mtambo kwa ajili ya muhogo ambao hakuna mtu angetuuzia. Nikaomba gunia la makopa ya sokoni. Alisita sana kabla ya kulitoa.

"Ukienda kututangaza kwamba Kibuta wana makopa meusi, mimi na wewe basi."

Ijumaa ilifika kabla hatujapata nafasi ya kuyajaribu. Nilipoomba kikao kiahirishwe, mkurugenzi alivua miwani.

"Juzi imeshika, leo haijashika?"

"Imeshika, bosi. Ila tulichokijaribu si kile tutakachouziwa."

"Unajua wenye kampuni wakisikia nimeahirisha watasema mradi umekufa?"

"Najua."

"Na ukifa, wewe unarudi kwenye mashine."

"Najua."

Mkurugenzi alitazama dirishani, kisha akasema, "Myajaribu Jumatatu asubuhi. Mbele yangu."

Jumatatu mkemia wetu alipika gundi ya yale makopa mengine. Ilitoka ya kijivu, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Tulibandika maboksi, tukasubiri yakauke. Mkurugenzi akachukua moja, akaingiza kucha pembeni, karatasi ikabanduka yote bila sauti. Akachukua la pili. La tatu hakuligusa.

"Mtambo hatununui," alisema.

Nilisubiri amalizie. Nilishaanza kufikiri nitakavyomweleza mkemia, ambaye mkataba wake ulikuwa wa mradi huu tu.

"Nyinyi endeleeni," akasema hatimaye. "Lakini kwa makopa haya. Msiniletee mengine."

Mchana nikampigia simu yule mama.

"Yameshika?"

"Bado, mama."

"Si nilikwambia."

Nikamwomba ruhusa ya kwenda kukaa nao siku za kumenya na kuanika, nione muhogo unaharibikia wapi, na wasibadilishe chochote kwa sababu yangu.

"Sawa, njoo," alisema. "Ila niwaambie wenzangu unakuja kama nani, kama si mgeni?"